Umeumia kama Nyama

Jumanne mchana damu ya Ramula ilisema moyo wake umeumia, na kaka yake akaanza kumtafuta aliyeuumiza. Hakwenda mbali. Mume wa Ramula alikuwa amekaa kwenye benchi hilohilo.

Aliyeleta habari alikuwa nesi Margret, mwanamke mrefu wa kaskazini aliyezaliwa katika kambi ya magereza ya Jinja na kujifunza Kiswahili kwa kumsikiliza baba yake, askari wa magereza, akiamrishwa. Hospitali hiyo ya Mbale, chini ya mlima Wanale, ilikuwa na wageni wa wiki mbili, madaktari wa kupasua moyo. Daktari wa hapo aliyefanya nao kazi aliitwa Wamboga. Alijua Kiingereza na Kimasaba, lugha ya hapo, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "leta" na "kaa chini". Kwa hiyo kila alichotaka kuwaambia jamaa wa wagonjwa waliotoka Jinja kilipitia mdomoni mwa Margret.

Asubuhi hiyo walimfungua Ramula kifua, wakatoa mlango wa moyo uliokakamaa kwa homa ya utotoni, wakaweka wa chuma. Kisha wakachukua damu kupima kitu kinachoitwa troponini. Kitu hicho makazi yake ni ndani ya misuli ya moyo, na kwenye damu hakina kazi. Kikionekana kimejaa kwenye damu, basi mahali fulani msuli umejeruhiwa na unavuja. Moyo wowote ukiguswa na kisu huvuja kidogo, na daktari hutazama kama uvujaji unapungua au unaongezeka. Wamboga alieleza yote hayo kwa Kiingereza, polepole. Margret alisikiliza, akatafuta maneno, akayakosa, akatumia machache aliyokuwa nayo.

"Mlango mpya inafanya kazi vizuri," aliwaambia pale nje. "Lakini damu inaonyesha moyo yake iliumia. Watapima tena." Akarudi ndani.

Ukasha, kaka yake Ramula, alikuwa fundi cherehani hapo Mbale, na wote walilala kwake. Kwa siku nne alikuwa akimwangalia shemeji yake kama kitambaa chenye kasoro ambayo bado hajaiona ilipo.

"Umesikia?" alisema. "Hata damu imesema. Nani amemuumiza moyo dada yangu?"

Shemeji huyo aliitwa Wahab. Alikuwa mchinja nyama wa soko la Jinja, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na kusema uongo hakukuwa kipaji chake. Alitazama mlango ambao Margret alipotelea. Akafikiri. Damu inapimwa, inaonyesha sukari. Inaonyesha taifodi. Mwanamke akipimwa, inaonyesha mimba ambayo hata yeye mwenyewe hajaijua. Kwa nini isionyeshe na hili?

"Ni mimi," alisema.

Ukasha alikuwa amejiandaa kwa ubishi mrefu. "Ni wewe nini?"

"Kuna mjane Budondo. Anaitwa Shadiah. Nimepeleka posa."

Faridah, binti yao, alikuwa akimenya chungwa. Akaacha.

"Lini, Baba?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Kabla ya Ramadhani Mama alikuwa hawezi kutembea kutoka kitandani hadi jikoni bila kukaa chini."

"Ndiyo sababu," Wahab alisema. Aliongea akitazama sakafu. "Daktari wa Jinja aliniambia hatamaliza miaka miwili. Habari ya wageni wa hapa ilikuwa haijafika. Nilifikiri, mwanamume kubaki peke yake na bucha, na nyumba..."

"Ulifikiri upate mwingine kabla huyu hajapoa," Ukasha alidakia.

"Shemeji, dini imeruhusu wake wanne."

"Imeruhusu wanne!" Ukasha alipandisha sauti mpaka mama mmoja wa benchi la pili akaacha kumnyonyesha mtoto ili asikie vizuri. "Haikuruhusu kuwapanga foleni! Huyu akitoka kitandani kwenda kaburini, yule anaingia. Mke si ng'ombe wa bucha, bwana, kwamba huyu wa leo amekwisha, leteni wa kesho!"

"Ulipeleka posa ya nini?" Faridah aliuliza.

"Mbuzi wanne."

"Mbuzi wa nani?"

Wahab alisema tu, "Mama yako hakuniuliza kitu. Lakini siku tunaondoka Jinja aliangalia zizi, halafu akaniangalia mimi. Nikajua amejua."

"Basi moyo ukaumia hapohapo," Ukasha alisema, "na leo damu imekushtaki."

* * *

Ukasha alimfuata Odongo, askari wa getini, aliyekuwa polisi kabla ya goti kumharibikia. Suruali ya sare aliyovaa Odongo ilikuwa imepunguzwa kiunoni na Ukasha mwenyewe wiki iliyopita, bure.

"Afande, shemeji yangu akae nje. Mgonjwa akimwona hali itazidi."

"Amefanya nini?"

"Amemuumiza moyo."

"Mzee," Odongo alisema, "hapa kila mtu anakuja na moyo imeumia. Mimi nitafukuza wangapi?" Lakini aliitazama suruali, na ilikuwa imemkaa vizuri. Akaenda kumchukua Wahab pale benchini mbele ya watu, kwa kumshika mkono juu ya kiwiko, kama anavyoshikwa mwizi wa kuku.

Wahab hakupinga. Alikwenda kukaa kwenye tofali karibu na waendesha boda. Chakula cha mchana kilipoletwa kutoka nyumbani kwa Ukasha, alipelekewa wali mkavu kwenye kifuniko cha sufuria. Wenzake walipata nyama. Ilikuwa nyama aliyoileta yeye mwenyewe kutoka Jinja, paja zima, ili asionekane amekuja kwa watu mikono mitupu.

Odongo alimwangalia akila.

"Ulimpiga?"

"Hapana."

"Ulimtukana?"

"Hapana."

"Sasa ulimuumiza na nini?"

"Na mbuzi," Wahab alisema.

Odongo aliwaza sana. "Mbuzi ilimpiga pembe?"

* * *

Alasiri Margret alitoka tena, na safari hii hakuwa akitembea bali akikimbia. Nyuma yake alikuja Daktari Wamboga mwenyewe, barakoa ikining'inia chini ya kidevu.

"Mume ya Ramula iko wapi?"

"Mimi ni kaka yake," Ukasha alisema. "Sema na mimi."

Wamboga alisema maneno mengi kwa Kiingereza, akionyesha kidole kifuani mwake upande wa kushoto. Margret akayachukua moja moja.

"Damu imerudi. Mchana moyo iliumia kidogo. Sasa imeumia mara kumi. Na mashini ya umeme ya moyo pia inaandika vibaya. Daktari anataka kufungua kifua tena. Sasa hivi. Mtu wake aweke sahihi. Na damu imebaki pakiti moja. Wewe si ulipimwa wiki jana, ukawekwa akiba? Anataka damu yako."

Ilikuwa kweli. Ukasha ndiye pekee katika ukoo aliyekuwa na damu ya kundi la dada yake, na alikuwa ameambiwa asiende mbali.

"Kufungua tena?" alisema. "Nesi, binti yangu, tuelewane. Moyo umeumizwa na mtu. Kisu kitashona nini hapo? Mume wake amekiri. Watu wote hawa wamesikia. Dawa yake tunaijua sisi. Nitamleta sheikh, yule bwana aape mbele yake kwamba mambo ya Budondo yamekwisha, tumsomee dada yangu dua, moyo utatulia."

Margret alikaza macho. "Budondo ni nini?"

"Ndiyo kilichomuumiza."

"Mzee, mimi sijui Budondo! Mimi nasema moyo imeumia!"

"Na mimi nasema najua ni nani aliyeuumiza!"

Wamboga aliuliza kinachoendelea. Margret alijaribu kumweleza, na uso wa daktari ukawa wa mtu aliyeagizwa chumvi akaletewa kiti. Alitazama saa yake. Akasema neno moja tu, na hilo Faridah alilielewa, kwa sababu, ingawa maneno ya kidaktari yalikuwa yamempita, alikuwa amesoma Kiingereza mpaka kidato cha nne. Alisema kwamba hakuna muda.

Faridah alikuwa amemkasirikia baba yake tangu mchana, na hasira hiyo ilikuwa haijaisha. Akavua kandambili ili aweze kukimbia, akaenda getini.

"Baba! Wanataka kumfungua Mama tena, na Mjomba amekataa. Hataki sahihi, hataki kutoa damu. Anasema ataleta sheikh."

Wahab alisimama. Odongo naye akasimama mbele yake.

"Wewe nakaa hapa. Niliambiwa."

"Afande," Wahab alisema, "mke wangu anakufa mle ndani. Nipige risasi au nipishe."

"Mimi sina bunduki," Odongo alisema, akasogea. Kisha, kwa kuwa aliona hilo halitoshi, akamtangulia akichechemea na goti lake, akiwafokea watu wapishe njia.

* * *

Walimkuta Ukasha amekunja mikono kifuani. Margret alikuwa anaanza upya kwa mara ya tatu, na machozi ya hasira yalikuwa yamemfika karibu.

"Nyamaza kidogo, Shemeji," Wahab alisema.

"Wewe ndiye wa kuninyamazisha?"

"Nitarudi kwenye tofali langu. Niulize kitu kimoja kwanza." Alimgeukia Margret. "Nesi. Moyo wake umeumia kama mtu, au umeumia kama nyama?"

Margret alimgeukia Wamboga, akamtafsiria. Wamboga alimtazama huyu mtu mnene mwenye punje za wali kwenye shati, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu.

"Nyama," alisema, akilishika neno la Kiswahili alilolisikia. "Nyama! Kama nyama!"

"Sasa kwa nini hamkusema hivyo?"

"Kiswahili yangu ni ya kambini, mzee!" Margret alisema. "Kambini hakuna kitu ya moyo. Iko kwata na ugali!"

Wahab alimgeukia Ukasha. Hakuwahi kuzungumza maneno mengi hivyo mbele ya watu, na mikono yake ilikuwa ikimsaidia.

"Sikiliza. Ng'ombe akianguka kwenye lori njiani, akafika akachinjwa, kwa nje humwoni kitu. Ngozi nzima. Unaweka paja kwenye sinia, unakwenda kuswali, ukirudi sinia limejaa maji mekundu. Nyama ya ng'ombe mzima haifanyi hivyo. Ukiona maji, unajua ndani kuna mahali pamepondwa. Hujapaona, lakini sinia limekuambia. Hiyo namba yao ndiyo maji ya kwenye sinia."

Margret alikuwa akitafsiri upesi upesi. "Ndiyo!" Wamboga alipiga kiganja kwa ngumi. "Sinia! Sinia!" Aliongeza kitu kwa Kiingereza.

"Anasema maji inaongezeka," Margret alisema. "Kukatwa kwa asubuhi haitoi maji nyingi hivi. Anasema iko mshipa mdogo inalisha nyama ya moyo. Anafikiri imebanwa pale waliposhona. Nyama haipati damu."

"Wakiuacha?"

Wamboga hakungoja tafsiri. "Nyama kufa," alisema.

Ukasha alikuwa bado amekunja mikono, lakini haikuwa imekazwa tena.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "damu haikusema habari ya Budondo."

"Damu haijui Budondo!" Margret alisema.

Wahab ndiye aliyechelewa kuelewa. "Haikunitaja kabisa?"

"Mzee, weka sahihi!"

Akaweka. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, kama kwenye ubao wa bucha. Alipoinua kichwa, Ukasha alikuwa amekwisha kuanza kukunja mkono wa shati lake. Aliukunja vizuri, mikunjo sawasawa, kama fundi.

"Nakuchukia sana leo," alimwambia Wahab. "Na kinachoniuma zaidi ni kwamba umesema kweli. Wapi wanatoa hiyo damu?"

* * *

Magharibi iliwakuta bado wanangoja. Waliswali kwenye nyasi nyuma ya jengo la kufulia, Ukasha akiwa na pamba mkononi, Wahab pembeni yake. Hakukuwa na nafasi kubwa, wakalazimika kugusana mabega. Baada ya salamu hakuna aliyempa mwenzake mkono, lakini hakuna aliyeondoka kwanza.

Wamboga alitoka akiwa amelowa jasho mgongoni. Alimtafuta Wahab kwa macho, akamwendea moja kwa moja, akampita kaka, akawapita watu wa mabenchi. Alinyanyua kidole kimoja, akakipinda.

"Uzi," alisema.

Margret alimalizia. Uzi mmoja wa kushikiza mlango mpya ulikuwa umeuvuta mshipa mdogo na kuupinda kama bomba la maji lililokanyagwa. Haukuwa uzembe wa mtu. Mshipa wa Ramula ulipita karibu kuliko wa watu wengi. Walikuwa wameutoa uzi, wameshona upya, na damu ilikuwa inapita.

"Wangengoja asubuhi," Margret alisema, "wangemkuta amekufa. Namba ndiyo ilisema. Macho haikuona kitu."

"Sasa tunafanya nini?" Faridah aliuliza.

"Tunangoja sinia," Margret alisema.

Walingoja sinia. Asubuhi ya Jumatano namba ilikuwa bado juu, na Ukasha akataka kuanza tena ubishi, lakini Wahab alimwambia kwamba maji yaliyokwisha kutoka hayarudi haraka, lazima uyape muda yakauke. Mchana iliacha kupanda. Wakati jua linaelekea kuzama nyuma ya mji, Margret alitoka bila haraka yoyote, mikono mfukoni, akijitahidi kukaza uso kama afande wa zamu. Uso ulimshinda.

"Sinia inakauka," alisema. "Nusu! Imeshuka nusu!"

Faridah alipiga kigelegele ambacho hospitali ile haikuwa imesikia tangu ijengwe. Mama wa benchi la pili, ambaye mgonjwa wake alikuwa mwingine kabisa, alimpokea. Odongo alikuja akichechemea kutoka getini kuwakataza, maana kelele haziruhusiwi. Alipoambiwa sababu, akauliza, "Yule mama ya mbuzi? Amepona?" akavua kofia, akaipiga kwenye paja. Ukasha alimshika Wahab kichwa kwa mikono miwili na kukitikisa, kama mtu anayepima tikitimaji, kisha akamwachia na kukumbuka kwamba anamchukia.

Jioni hiyo chakula kilipoletwa, sahani ya Wahab ilikuwa na nyama. Vipande viwili. Aliviangalia, akajua vimekatwa vibaya, kinyume na nyuzi. Akavila.

* * *

Siku walipomtoa mpira wa kupumulia, waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja. Ukasha alisema aanze mume. Haukuwa ukarimu. Alitaka Wahab awe wa kwanza kukaripiwa, kabla ya yeye aliyekataa kutoa damu.

Ramula alikuwa mdogo kitandani, midomo imekauka, ameshika mto kifuani kama alivyofundishwa, aubane akitaka kukohoa. Wahab alisimama mbali kidogo.

"Mama Faridah."

"Baba Faridah." Sauti ilikuwa ya mtu aliyemeza mchanga. "Sogea. Mbuzi wangu wako wapi?"

Wahab aliangalia mashine, kama kwamba ndizo zilizouliza.

"Uliniambia umewauza kwa ajili ya hospitali," Ramula alisema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Hela ya hospitali niliihesabu mimi. Ya mbuzi haikuwemo. Nikaangalia zizi, nikakuangalia wewe. Nikasema, huyu mzee ameanza kamari za mpira. Nikasema nikipona nitakwenda pale wanapobeti nikavunje kioo."

"Kamari?"

"Si kamari?"

Sasa hapo mtu mwenye akili angesema ni kamari. Wahab alikuwa amechoka kuwa na siri, na pia nusu ya Mbale ilikuwa imeshajua.

"Nilipeleka posa Budondo. Kwa mjane. Walipokuwa wanasema hutapona."

Ramula alimwangalia. Mashine iliendelea kulia kwa mwendo uleule, haikuongeza wala haikupunguza, na Wahab aliisikiliza kama anavyosikiliza mshitakiwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Kaka yako. Faridah. Askari wa getini. Watu wa mabenchi. Nesi alisema damu imeonyesha moyo wako umeumia, nikadhani..."

"Ukadhani damu yangu imekusema."

"Ndiyo."

"Ukakiri mwenyewe."

"Ndiyo."

Kifua cha Ramula kilianza kutikisika. Wahab aliogopa, akapiga kelele kumwita nesi. Margret alikuja mbio, akamkuta mgonjwa wake anacheka, amekumbatia mto, machozi yanamtoka kwa maumivu.

"Usicheke! Mama, mfupa itaachana! Bana mto!"

"Mwambieni atoke," Ramula alisema, "kabla hajanifanya nifunguliwe mara ya tatu." Lakini Wahab alipofika mlangoni akamwita. "Baba Faridah. Ukirudi Jinja, nenda kwanza Budondo. Kamwambie yule mwanamke kwamba mwenye nafasi amerudi kazini."

* * *

Alikwenda. Shadiah wa Budondo alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha kiti. Alisema hana kinyongo, ila mwanamume akivunja posa mwenyewe, kilicholetwa hakirudi. Mbuzi mmoja alikuwa amekwisha kuzaa mapacha. Wahab aliwaona wakirukaruka nyuma ya nyumba, wazuri, wenye madoa kama ya mama yao.

Ramula alirudi Jinja na kovu refu kifuani, na mlango wa chuma ambao, nyumba ikiwa kimya, ulisikika ukigonga kama saa ndogo. Alitembea mwenyewe kutoka kwenye gari hadi mlangoni. Majirani walioitwa kumpokea walikuwa wameandaa kiti cha kumbeba. Alikipita.

Miezi mitatu baadaye alikwenda sokoni kwa miguu, akaingia bucha ya mume wake wakati wateja wamepungua. Kwenye meza kulikuwa na moyo wa ng'ombe uliokuwa umefika asubuhi.

"Daktari Wamboga alisema ile sehemu iliyokosa damu ilikuwa kubwa kiasi gani?" aliuliza.

Walikuwa wameonyeshwa picha siku ya kuruhusiwa. Moyo wote ulikuwa unacheza, isipokuwa kipande kimoja upande wa nyuma kilichobaki kimelala. Hicho hakitaamka. Kilichobaki kinatosha kwa maisha, daktari alisema, na kwa kupanda Wanale pia akitaka.

"Kama kidole gumba," Wahab alisema.

"Kata."

"Nikate nini?"

"Kata kipande kama hicho. Nataka kuona tulilipa nini."

Wahab aliuosha moyo wa ng'ombe, akaugeuza, akachagua mahali, akakata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, safi, kwa kufuata nyuzi. Akakiweka kwenye mizani. Mshale ulisogea kidogo sana, mpaka wote wawili wakainama kuusoma.

Walihesabu pale pale, yeye akisema na Ramula akikunja vidole. Friza ya bucha, iliuzwa kabla ya safari. Kiwanja cha nyuma ya nyumba, kiliuzwa. Mbuzi wanne, na mapacha ambao wangekuwa wao. Pakiti moja ya damu ya Ukasha, ambayo Ukasha huitaja kila anapopiga simu. Kidonge kimoja cha kulainisha damu kila siku mpaka mwisho wa uhai, na sindano ya kupimwa kila mwezi. Na jina: kule Mbale, getini, Wahab anaitwa Bwana Mbuzi, na ataitwa hivyo mpaka Odongo astaafu.

"Na hiki," Ramula alisema, akigusa kipande kwenye mizani.

"Gramu ishirini."

"Kwa bei ya leo?"

Wahab alipiga hesabu. "Shilingi mia tatu na ishirini."

"Funga," Ramula alisema. "Nakwenda nacho nyumbani."